Wanahewa wa ndege za mabomu waliotekwa Ujerumani, 1939–1945: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wakenya wengi wakisikia habari za mateka wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia hukumbuka Waitaliano waliojenga lile kanisa dogo la Mai Mahiu, kando ya barabara inayoteremkia Bonde la Ufa, mwaka 1942. Ukurasa huu unahusu mateka wa upande mwingine: Waingereza, Wamarekani, Wakanada, Waaustralia, Wapolandi na wengineo waliopaa kwenda kuipiga mabomu Ujerumani, wakatunguliwa na kuangukia mikononi mwa watu waliokuwa wakiwapiga. Maswali yaliyomo ndiyo yanayojirudia mara nyingi zaidi.

Tunazungumzia watu wangapi?

Kamandi ya Mabomu ya Jeshi la Anga la Uingereza ilirusha watu wapatao 125,000 katika vita nzima. Kati yao 55,573 walikufa, na 9,838 wakawa mateka. Kwa upande wa Marekani, Jeshi la Anga la Nane, lililokuwa na vituo vyake Uingereza, lilipoteza zaidi ya watu 26,000 waliokufa na wengine kama 28,000 waliotekwa.

Ukiziangalia takwimu hizo kwa makini, kuna jambo halikai sawa. Kwa Waingereza, kila mateka mmoja ana wafu zaidi ya watano. Kwa Wamarekani, mateka ni wengi kuliko wafu.

Kwa nini tofauti ikawa kubwa hivyo?

Sababu ya kwanza ni saa za kazi. Wamarekani waliruka mchana, na ndege ikipigwa watu huonana, huonyeshana mlango, hujua wako juu kiasi gani. Waingereza waliruka usiku. Ndege ya Lancaster iliyojaa petroli na mabomu ikishika moto gizani, halafu ikaanza kuzunguka kama pia, mtu hubandikwa ukutani na nguvu ya mzunguko huo hata asiweze kuinua mkono.

Sababu ya pili ni ya kukera, kwa sababu ingeweza kurekebishwa. Mwanafizikia Freeman Dyson, akiwa kijana katika kitengo cha utafiti cha Kamandi ya Mabomu, aliona kwamba Wamarekani walioponea nje ya ndege zilizotunguliwa mchana walikuwa kama nusu. Kwenye ndege za Uingereza za Halifax na Stirling ilikuwa kama robo. Kwenye Lancaster, ile iliyosifiwa kuliko zote, ilikuwa kama watu 15 tu kati ya 100. Mlango wa dharura wa sakafuni pale mbele ya Lancaster ulikuwa na upana wa sentimita 56 hivi, pungufu ya ule wa Halifax kwa kama sentimita tano. Jaribu kupita hapo ukiwa na koti la manyoya, mabuti mazito na parachuti kifuani. Suala hilo lilisukumwa ofisini hadi vita ikakaribia kwisha.

Ndani ya ndege kulikuwa na akina nani, na nani alitoka wa mwisho?

Lancaster ilibeba watu saba: rubani, fundi wa injini, msoma ramani, mlenga mabomu, mtu wa redio na wapiga bunduki wawili. B-17 ya Wamarekani ilibeba kumi. Wa mwisho kutoka alikuwa rubani, kwa sababu akiachia usukani ndege hulala ubavu na wengine hawatoki. Marubani wengi walikufa wameshika usukani.

Mpiga bunduki wa mkiani naye alikuwa na balaa lake. Kibanda chake kilikuwa chembamba mno, hivyo parachuti yake ilitundikwa nje ya kibanda, nyuma ya mgongo wake, ndani ya mwili wa ndege. Ilimbidi afungue milango, ageuke, aitoe, aivae, ndipo aruke.

Ni kweli kuna aliyeruka bila parachuti akapona?

Ni kweli. Usiku wa tarehe 24 Machi 1944 Sajini Nicholas Alkemade, mpiga bunduki wa mkiani, alifungua milango yake akaikuta parachuti inaungua. Aliamua kuruka badala ya kuchomeka. Alianguka kutoka kimo cha mita 5,500 hivi, akapenya matawi ya misonobari, akatua kwenye theluji laini. Aliteguka mguu na kupata michubuko. Wajerumani waliomhoji walimwona mwongo tu, wakadhani ni jasusi aliyeizika parachuti yake, mpaka walipokagua mabaki ya ndege na kukuta ya kwake imeungulia humo humo. Alipelekwa kambini kama wenzake na akaishi hadi 1987.

Mtu akishatua salama, jambo la kwanza lilikuwa nini?

Kuzika parachuti, kukimbia mbali na moshi, kulala mchana na kutembea usiku. Wengi walikuwa na ramani iliyochapwa kwenye kitambaa cha hariri, ambayo hailii kama karatasi ukiikunja wala haiharibiki ikilowa, na dira ndogo iliyofichwa ndani ya kifungo cha nguo.

Lakini hatima ya mtu haikuamuliwa na dira. Iliamuliwa na nani aliyemfikia kwanza. Akiwa mkulima wa Uholanzi au Ubelgiji, pengine angelazwa darini na kupewa nguo za kiraia. Akiwa askari wa jeshi la anga la Ujerumani, angepelekwa kituoni na mara nyingi angepewa sigara. Akiwa polisi wa siri, Gestapo, hapo mambo yalikuwa mengine. Na akiwa raia wa mji uliopigwa mabomu jana yake, ilimbidi aombe dua askari watokee haraka.

Walisaidiwa na nani huko Ubelgiji na Ufaransa?

Mtandao unaojulikana zaidi ni Comète, ulioanzishwa mwaka 1941 na binti wa Kibelgiji, Andrée de Jongh, akiwa na umri wa miaka 24. Watu walipitishwa nyumba kwa nyumba kutoka Brussels hadi Paris, kisha kusini hadi milima ya Pirenei, kuingia Hispania na kufika Gibraltar. Mwenyewe alisindikiza zaidi ya watu 100 kabla ya kukamatwa Januari 1943. Alipelekwa kambi za Ravensbrück na Mauthausen, akatoka hai. Baada ya vita alikwenda Kongo ya Wabelgiji kuuguza wagonjwa wa ukoma, kazi aliyoiendeleza Ethiopia na nchi nyingine za Afrika. Alifariki mwaka 2007.

Mateka aliyekamatwa alilindwa na Mkataba wa Geneva kuhusu wafungwa wa vita, japo kwa kuyumbayumba. Familia iliyomficha haikulindwa na chochote. Ilipigwa risasi au kupelekwa kambini.

Ni kweli raia wa Kijerumani waliwaua waliotunguliwa?

Ndiyo, na si mara moja. Kisa kilichoandikwa zaidi ni cha Rüsselsheim. Tarehe 26 Agosti 1944 Wamarekani wanane wa ndege moja ya B-24 walikuwa wakisafirishwa kwa treni kuelekea kituo cha mahojiano. Usiku uliotangulia Waingereza walikuwa wameupiga mji huo, reli imekatika, hivyo walinzi wakawashusha mateka na kuwatembeza mitaani katikati ya majengo yaliyokuwa bado yanafuka moshi. Watu wakawadhania ndio waliofanya kazi ile. Wananchi wenye hasira kali, kama magazeti yetu yanavyopenda kuandika, waliwashambulia kwa mawe, marungu na nyundo, kisha msimamizi wa ulinzi wa raia akawamiminia risasi. Sita walikufa. Wawili walijifanya wamekufa juu ya mkokoteni wa maiti, wakachomoka makaburini king'ora kilipolia na watu kukimbilia mahandaki. Baada ya vita wanaume watano walinyongwa kwa kosa hilo.

Tusimalize hapo kwa kumlaumu mwenye nyundo peke yake. Tarehe 10 Agosti 1943 Heinrich Himmler, mkuu wa SS na wa polisi wa Ujerumani, alitoa agizo kwamba si kazi ya polisi kuingilia ugomvi kati ya Wajerumani na "marubani wa ugaidi". Na agizo hilo lilitoka wiki chache tu baada ya mabomu ya Julai 1943 kuua watu zaidi ya 30,000 mjini Hamburg, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Hasira ilikuwepo kweli. Serikali ikaifungulia mlango.

Walihojiwa vipi?

Karibu wote walipitia Oberursel, karibu na Frankfurt, kituo kilichoitwa Dulag Luft. Mtu aliwekwa peke yake katika chumba kidogo kwa siku kadhaa, bila kitabu wala wa kuzungumza naye. Kisha aliingia bwana mpole mwenye fomu ya "Msalaba Mwekundu". Maswali ya juu yalikuwa jina, cheo na namba, ambayo Mkataba wa Geneva wa 1929 uliruhusu kuulizwa. Ya chini yalikuwa namba ya kikosi, aina ya ndege, uwanja alikotoka. Fomu yenyewe ilikuwa ya kubuni.

Kupigwa hakukuwa kawaida ya kituo hicho, ingawa baadhi ya wafungwa walifungiwa vyumba vilivyopashwa joto hadi hapakaliki, na kwa hilo mkuu wa kituo alifungwa na mahakama ya Waingereza baada ya vita. Silaha kubwa ilikuwa mafaili. Mhojaji alimwambia kijana jina la kamanda wake, baa ya kijijini wanakokunywa, hata nani kaoa juzi, mpaka kijana akaona hakuna siri iliyobaki ya kuficha. Bingwa wa mtindo huo, Hanns Scharff, aliyehoji zaidi marubani wa ndege za kivita za Marekani, hakuwahi kumwinulia mtu mkono. Baadaye alihamia Marekani akawa fundi wa michoro ya vigae.

Kwa nini hawakupelekwa migodini au mashambani kama mateka wengine?

Kwa sababu ya vyeo. Mkataba ulikataza kuwafanyisha kazi maafisa, na masajini waliruhusiwa kazi za usimamizi tu. Katika ndege za mabomu karibu kila mtu alikuwa sajini au afisa, hivyo wakakaa bure. Kambi zao zilikuwa za jeshi la anga la Ujerumani lenyewe: Stalag Luft III kule Sagan (leo Żagań, Poland), Stalag Luft I kule Barth kwenye pwani ya Baltiki, na nyinginezo.

Wakati huo huo mateka wa Kisovieti waliachwa wafe kwa njaa na maradhi. Zaidi ya milioni tatu hawakurudi kwao. Asomaye habari za michezo ya kuigiza na mechi za mpira huko Sagan asisahau hilo.

Walikula nini?

Mgao wa Wajerumani ulikuwa mkate mweusi mzito, viazi, supu ya mizizi ambayo wakulima huwapa ng'ombe, na siagi bandia kidogo. Haukutosha. Kilichowaweka hai ni kifurushi cha Msalaba Mwekundu, cha kilo tano hivi, ambacho kila mtu alitakiwa kupata kimoja kwa wiki: nyama ya kopo, maziwa ya unga, sukari, kahawa au majani ya chai, zabibu kavu, chokoleti, sabuni, sigara. Kuanzia Septemba 1944 kikawa nusu, na kuna wiki hakikuja kabisa.

Maziwa ya unga yalikuja katika kopo la Klim, na kopo hilo linastahili sifa zake. Likiisha maziwa lilikuwa kikombe. Likinyooshwa lilikuwa sahani, sufuria, kikaango, taa. Yakiunganishwa mengi, yakakatwa matako, yakawa bomba la kupeleka hewa chini ya ardhi.

Kila chumba kilikuwa na mpishi wa zamu na sheria zake. Sheria iliyoheshimiwa kuliko zote: anayekata mkate huchukua kipande cha mwisho. Kwa utaratibu huo vipande hutoka sawa bila ugomvi.

Sigara ndizo zilikuwa pesa. Bei za vitu ziliandikwa ubaoni kwa sigara, zikapanda vifurushi vilipochelewa na kushuka vilipowasili. Asiyevuta alikuwa tajiri.

Kulikuwa na Waafrika au watu weusi miongoni mwao?

Walikuwepo. John Henry Smythe, mzaliwa wa Freetown, Sierra Leone, alikuwa msoma ramani wa ndege ya Stirling. Alitunguliwa Novemba 1943 akiwa amejeruhiwa, akajificha ghalani, akakamatwa na askari waliobaki wameduwaa kumwona mtu mweusi mwenye sare ya afisa. Alikaa Barth hadi mwisho wa vita. Alikuwa katika kamati ya kutoroka, ila mwenyewe hakutoroka, na alieleza sababu kwa utani: mtu mweusi mwenye urefu wa karibu mita mbili angefika wapi katika vijiji vya Pomerania? Mwaka 1948 alikuwa afisa katika meli Empire Windrush, ile iliyowapeleka wahamiaji wa Karibi Uingereza, na baadaye akawa Mwanasheria Mkuu wa Sierra Leone.

Mwingine ni Cy Grant kutoka Guyana, aliyetunguliwa Uholanzi Juni 1943 na kufungwa Sagan. Gazeti la chama cha Nazi lilichapa picha yake likimwita mwanahewa wa rangi isiyojulikana. Baada ya vita alisomea uanasheria, akakosa kazi ya uwakili London kwa sababu ya rangi, akageukia uimbaji na uigizaji.

Ajabu ni kwamba ndani ya seng'enge walilala chumba kimoja na wazungu. Alexander Jefferson, rubani mweusi wa Marekani aliyekuwa akisindikiza ndege za mabomu, alitunguliwa Agosti 1944 na kutendewa kama afisa yeyote. Aliporudi Marekani 1945, kwenye daraja la kushukia melini alikuta watu wanatenganishwa: wazungu huku, weusi kule.

Hatima hii haikuwa ya kila Mwafrika. Juni 1940 jeshi la Ujerumani liliua kwa risasi maelfu ya askari wa Afrika Magharibi waliokuwa chini ya Ufaransa, wengine wakiwa tayari wamejisalimisha.

Kutoroka kulikuwaje hasa?

Kugumu, kuchafu, na kwa wengi bure. Sagan ilichaguliwa makusudi kwa sababu ardhi yake ni mchanga. Juu ni wa kijivu, chini ni wa njano, kwa hiyo konzi moja ya mchanga mbichi uwanjani ilikuwa ushahidi tosha. Mabanda yaliinuliwa juu ya nguzo ili walinzi wachungulie chini yake, na vinasa sauti vilizikwa kando ya ua.

Pamoja na hayo, mahandaki matatu yalianzwa mwaka 1943 chini ya uongozi wa Roger Bushell, mzaliwa wa Afrika Kusini. Moja, lililoitwa Harry, lilianzia chini ya jiko la banda namba 104, likashuka mita tisa na kwenda mbele zaidi ya mita 100. Kuta zake zilishikiliwa na mbao za vitanda, kama 4,000 hivi, hata watu wakaishia kulala juu ya kamba. Lilikuwa na taa za umeme, toroli la reli na yale makopo ya Klim ya kupitishia hewa. Mchanga ulitolewa nje kwa vifuko vilivyofichwa ndani ya suruali, ukamwagwa taratibu mtu akitembea.

Usiku wa 24 kuamkia 25 Machi 1944 walipotoboa juu, waligundua tundu halijafika msituni. Waliendelea hivyo hivyo. Watu 76 walitoka, 73 wakakamatwa, watatu wakafika salama: Wanorwe wawili na Mholanzi mmoja.

Hitler aliamuru wauawe, na 50 wakapigwa risasi na Gestapo, wengi kando ya barabara, kwa vikundi vidogo. Mkuu wa kambi alimwita afisa mwandamizi wa mateka, Herbert Massey, akamsomea taarifa kwamba 41 wamepigwa risasi wakikataa kukamatwa. Hesabu kamili ilikuja baadaye. Massey akauliza wangapi wamejeruhiwa. Akajibiwa: hakuna. Mahakama ya Hamburg ilihukumu 14 kifo kwa mauaji hayo mwaka 1947.

Na yule Mmarekani mwenye pikipiki?

Ni wa sinema, ile ya The Great Escape inayosimulia kutoroka huko kwa Sagan. Hapakuwa na pikipiki, na Wamarekani waliosaidia kuchimba walikuwa wamehamishiwa ua mwingine kabla ya usiku wenyewe.

Je, kuna waliopelekwa kambi za mateso?

Ndiyo. Agosti 1944 wanahewa 168 waliokamatwa Ufaransa walifikishwa Buchenwald. Wengi walikuwa na nguo za kiraia walizopewa na waliowaficha, kisha wakauzwa na wasaliti, na Gestapo ikakataa kuwatambua kama wanajeshi. Waliongozwa na Phil Lamason wa New Zealand, aliyewapanga gwaride kama wako kikosini na akafanikiwa kufikisha habari zao kwa jeshi la anga la Ujerumani. Oktoba wengi wao walihamishiwa Sagan. Wawili walikuwa wameshafia humo. Kwa miongo kadhaa wengine waliporudi nyumbani hawakusadikiwa.

Vita ilipokaribia kwisha walifanywa nini?

Walitembezwa. Usiku wa 27 Januari 1945, majeshi ya Kisovieti yakikaribia, mateka wa Sagan waliamriwa kutoka kwenye theluji. Walipigilia mbao za vitanda wakapata vigari vya kuburuta chakula, wakatembea kama kilomita 100 hadi Spremberg, wakapakiwa mabehewa ya ng'ombe. Wengi waliishia Moosburg, Bavaria, ambako zaidi ya mateka 100,000 wa kila taifa walikombolewa na Wamarekani tarehe 29 Aprili.

Masajini wa Stalag Luft IV, Gross Tychow, walipata tabu kubwa zaidi. Kuanzia 6 Februari walizungushwa kwa zaidi ya siku 80, wakilala maghalani, wakiharisha damu, wakinywa maji ya mitaroni. Barth haikutembezwa kabisa: walinzi walitoweka, Wasovieti wakaingia, na katikati ya Mei ndege za B-17 zikaja kuwachukua watu wapatao 9,000.

Waliotekwa na Wajapani je?

Hiyo ni habari nyingine kabisa. Mahakama ya Tokyo, iliyowahukumu viongozi wa Japani kwa makosa ya kivita, ilikadiria kwamba asilimia 27 ya mateka wa Uingereza na Marekani walifia mikononi mwa Japani, dhidi ya asilimia 4 kwa Ujerumani na Italia. Kati ya Wamarekani wanane waliokamatwa baada ya shambulio la Doolittle la 1942, ndege za mabomu za Marekani zilipoipiga Japani, watatu waliuawa kwa amri ya mahakama ya kijeshi na mmoja akafia gerezani.

Nawezaje kumtafuta mtu fulani?

Anza na namba yake ya jeshi na kikosi chake, maana majina hufanana mno. Kwa Waingereza na watu wa makoloni yao, Hifadhi ya Taifa iliyoko Kew, London, ina kadi za Kijerumani za mateka pamoja na fomu walizojaza walipokombolewa. Kituo cha kumbukumbu cha Kamandi ya Mabomu huko Lincoln kina orodha ya waliopotea ambayo unaweza kuisoma mtandaoni bila malipo. Kwa Wamarekani, Hifadhi ya Taifa yao ina ripoti ya kila ndege isiyorudi, mara nyingi ikiwa na maelezo ya walioponea wakisimulia nani waliyemwona akiruka na nani hawakumwona. Msalaba Mwekundu wa Kimataifa, Geneva, nao hupokea maombi ya taarifa za mateka, lakini kwa nafasi chache na kwa vipindi, kwa hiyo tazama tarehe zao kabla ya kuandika.